Vumbi Lililopanda Juu

Mthamini wa picha alikuwa amelala chali kwenye zulia la sebule, amekufa. Kisogo kilikuwa kimepasukia kwenye pembe ya meza. Kioo chake cha kukuzia bado alikuwa amekishika.

Juu yake ilining'inia picha yenyewe. Haikuwa ya mtu wala ya mti: ni nyekundu na nyeusi tu, rangi iliyokandikwa nzito kama tope ukutani, matuta kwa matuta.

Mjane wa mchoraji alijibanza mlangoni, amekumbatia brashi ya manyoya.

"Nani alimwita?" Inspekta aliuliza.

"Mimi. Nilitaka kujua thamani ya kazi ya marehemu mume wangu. Nikaenda kumchemshia chai, nikasikia kishindo."

"Fremu imejaa alama zako za vidole, mama."

"Si naifuta mimi! Kila wiki, kwa brashi hii, polepole, juu kwenda chini. Maji haijawahi kuonja. Ila mwezi huu mthamini alinikataza kuigusa mpaka aione. Mtanifunga, baba?"

Inspekta aliinua macho kwenye picha.

"Na picha hiyo inanitisha. Tangu kishindo kile siitambui. Ni kama mtu unayelala naye ageuke usiku, uone uso mwingine."

Inspekta alivaa glavu, akapanda kwenye kigoda, akaliangalia tuta moja moja. Migongo ya matuta, upande wa juu, ilikuwa safi. Vumbi lilikuwa limelala chini yake, pale lisipoweza kutua.

Akamwita shemeji wa mjane, mdogo wa marehemu mchoraji, aliyeishi chumba cha uani.

"Inspekta mzima unapima vumbi?" shemeji alicheka. "Nyumbani hawakutumi kufagia?"

"Nina kitendawili."

"Tega."

"Vumbi la nyumba hii huanguka kwenda juu."

Kicheko kilikatika.

"Umeshindwa? Nikutegulie. Mtu aliitungua picha, akairudisha kwa hofu. Mjinga yule akaining'iniza kichwa chini."

"Mjinga?"

"Asiyejua kazi ya kaka yako. Kipofu kabisa."

"Kichwa chini?" Shemeji alisimama, mishipa ya shingo imemtoka. "Miaka yote ndiyo ilikuwa kichwa chini! Mimi nimeisimamisha! Ndivyo nilivyoichora!"

Brashi ilimponyoka mjane.

"Uliichora wewe?" mjane alinong'ona.

Shemeji aliketi, amechoka ghafla.

"Kaka alikuwa na jina, shemeji. Mimi nilikuwa na njaa. Aliinunua kwangu, akaandika jina lake nyuma, akaining'iniza bila kujua juu ni wapi. Nikanyamaza."

"Na mthamini?" Inspekta aliuliza.

"Niliingia nikamkuta ameitungua. Alikuwa ameona michirizi ya rangi inapanda. Akasema, 'Marehemu hakujua hata juu yake ni wapi. Hakuichora yeye. Bila jina lake, hii ni takataka.' Takataka! Nikamsukuma. Sikutaka afe. Nikaishika kuirudisha, na mikono ikairudisha jinsi picha inavyotaka kukaa."

Koplo aliyefuatana na Inspekta akamfunga pingu. Mjane aliokota brashi, akaisogeza kwenye picha, akasita. Hakujua aanzie wapi.

Shemeji aligeuka mlangoni.

"Anzia pale penye nyeusi, ndipo juu. Miaka yote nilikuwa nasimama hapa nikikutazama unavyoifuta. Hakuna mwingine aliyewahi kuishika vizuri hivyo."