Tumehama, Lakini Wapi?

Fundi huyu hashoni nguo. Anatengeneza cherehani zilizoharibika. Mikono yake hunuka mafuta ya mashine hata siku ya mapumziko, na mkewe amechoka kulalamika.

Zamani simu yake ilikuwa ikilia tangu asubuhi. Wateja walimpata kwenye orodha ya mafundi iliyoko mtandaoni. Mtu akibonyeza jina lake, tovuti ya karakana yake ilifunguka. Sasa ulikuwa mwezi wa tatu wa ukimya.

"Mwezi huu ukiisha hivi, nafunga," Fundi alisema.

"Ufunge ukafanye nini? Hata chai huwezi kupika."

Mkewe akamwita jirani yao, mkutubi wa maktaba. Alikuja na miwani kichwani, akaifungua orodha kwenye simu, akaipekua juu mpaka chini.

"Shemeji, jina lako humu halimo."

"Najua. Wenye orodha walinitoa. Kila asubuhi natuma ombi wanirudishe."

"Kila asubuhi?"

"Hata leo nimetuma. Mvumilivu hula mbivu."

"Mvumilivu hungoja, shemeji. Wewe unasumbua. Hebu soma kanuni hii."

Fundi alisoma polepole, kidole kikifuata maneno: ombi jipya hufuta ombi la zamani.

"Yaani kila siku unatoka kwenye foleni na kurudi mkiani," mkutubi alisema.

Mke wa Fundi alicheka mpaka akaketi.

"Lakini tovuti yangu si inafunguka?" Fundi aliuliza.

"Inafunguka. Hata kitabu hukaa rafuni. Ukiitoa kadi yake kwenye orodha ya maktaba, nani atajua kipo? Mimi nataka kujua kwa nini walitoa kadi yako."

Wakaifungua tovuti. Juu kabisa, kwa herufi kubwa nyekundu, palikuwa na neno moja: TUMEHAMA.

"Nani aliandika hili?" mkutubi aliuliza.

Mke wa Fundi akaacha kucheka. "Mimi. Tulipotoka chumba kile kuja hiki." Akaonyesha ukuta. "Kila mtu anajua."

"Kila mtu wa jengo hili. Mkaguzi wa orodha yuko mbali. Anaona 'tumehama', hajui wapi. Anadhani tovuti imekufa, anaiondoa."

"Mtu mzima ashindwe kupiga simu akauliza?" mke wa Fundi alisema.

"Namba iko wapi?"

Walitafuta. Haikuwapo.

Jioni ile mke wa Fundi alifuta neno lake mwenyewe. Akaandika jina la mtaa, namba ya chumba, namba ya simu na saa za kazi. Fundi akatuma ombi moja tu. Alieleza kosa lilikuwa nini na limerekebishwaje.

"Sasa ngoja," mkutubi alisema.

Kungoja kulimshinda Fundi. Siku ya nne mkewe alimkuta ameshika simu, kidole kiko juu ya neno "Tuma".

"Thubutu," alimwambia. Fundi akaiweka chini, akaenda kupaka mafuta mashine aliyoipaka jana.

Siku ya kumi na mbili simu ililia. Kabla ya saa sita mchana mwanamke mmoja aliingia, amekumbatia cherehani nzito, anahema.

"Nimewaona kwenye orodha," alisema. "Mwezi uliopita tovuti yenu iliniambia mmehama."

"Tulihama," mke wa Fundi alijibu, akimpokea mzigo. "Hatua kumi na moja. Karibu uketi."