Walioitika Jioni Ile

Hebu fumba macho kidogo, uione njia nyembamba ya mlimani huko Vermont, mwisho wa Oktoba, jua likikaribia kuzama. Kulia na kushoto kuna kuta za mawe zilizopangwa kwa mkono. Majani yameshapukutika. Kondoo wameshaingizwa zizini. Njiani yupo mtu mmoja tu, mwanamume wa miaka arobaini na mitano, anachechemea mguu wa kushoto, na kwapani amebana mkoba wa ngozi uliojaa karatasi.

Usimwogope. Yeye mwenyewe ndiye anayeogopa.

Jina lake Lyman Thrall, fundi wa matandiko ya farasi. Wakati majimbo ya Kaskazini na ya Kusini ya Marekani yalipopigana alikuwa sajini wa Kombania E, katika Kikosi cha Kumi na Tisa cha askari wa miguu wa kujitolea. Vijana tisini na wanane kutoka vijiji vya mlima huu walijiandikisha siku moja, mbele ya kanisa moja, na Lyman ndiye aliyekuwa akiita majina yao asubuhi na jioni kwa miaka yote ile. Sasa ilikuwa imepita miaka kumi na minane tangu vita vibaya kuliko vyote walivyopigana, na wenzake waliobaki walikuwa wamemchagua aandike kitabu cha historia ya kikosi. Nani mwingine angeandika? Orodha zote alikuwa nazo yeye.

Alikuwa ameshajaza kurasa mia mbili. Aliandika siku waliyoapa, na surua iliyoua vijana kumi na mmoja kabla hawajasikia hata risasi moja. Aliandika majira ya baridi waliyolinda ngome, matope ya Virginia, mito waliyovuka na maji yakiwa kifuani. Kwa kila aliyekufa alikwenda kwa mama yake kuomba barua, ili aongeze neno moja zuri. Alianza na nyumba za mbali.

Nyumba ya njia hii aliiacha ya mwisho. Alikuwa ameiahirisha mwaka mzima.

Kwenye kona ya shamba la matufaha alimkuta Zenas Colby akifunga mlango wa ghala.

"Sajini," Zenas alisema, "hiyo njia inakwenda kwa mama wa mtoro."

"Najua inakokwenda."

"Na huyo naye yumo kitabuni? Utaandika nini, kwamba alituacha mbali kwa mbio?" Zenas alicheka peke yake. Alipoona Lyman hacheki, akakohoa. "Haya, utani tu. Lakini usikae mpaka jua lizame."

"Kwa nini?"

"Humwita mwanawe chakula cha jioni. Kila siku, anasimama mlangoni anamwita."

"Mama mwenye uchungu huyo. Ana kosa gani?"

"Hana kosa." Zenas alitazama komeo mkononi mwake. "Mke wangu hapiti tena njia hii, basi. Nenda salama, Sajini."

Lyman alimkuta Orpha Wheelock jikoni. Alikuwa bibi mwembamba, aliyenyooka kama ufagio, na nywele zake zote zilikuwa zimegeuka nyeupe. Nyumba ilinukia maharagwe yaliyookwa kwa molasi. Mezani palikuwa na sahani mbili.

"Umekuja, Lyman," alisema. "Watu wote umewamaliza, ndipo ukanikumbuka mimi."

"Nisamehe, Mama Wheelock."

"Kaa. Hiyo sahani si yako, lakini nitakutolea nyingine." Akamwekea chakula. "Barua zake sikupi. Nina jambo moja tu la kukuomba. Kwenye hicho kitabu chako, mbele ya jina la Alvah, pameandikwaje?"

Lyman aliusogeza mkoba miguuni.

"Sema tu. Jiwe la kumbukumbu liko pale kanisani, lina majina thelathini na manne, lake halimo. Kila Jumapili nalipita. Pameandikwaje?"

"Ametoroka."

"Nani aliandika?"

"Mimi."

Orpha alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya unga.

"Basi ongeza neno moja. Andika kwamba amesamehewa. Watu wakisoma, haya itamtoka, ataingia ndani. Amechoka kukaa nje, Lyman. Mtoto wangu amechoka."

"Nje wapi?"

"Hapo malishoni. Tangu mwaka ule mlioandika ametoroka. Namwekea chakula juu ya ukuta, hakigusi. Hataki nimwone. Lakini nikimwita, anaitika."

Lyman aliweka kijiko chini. Alimhurumia sana. Alijisemea moyoni kwamba upweke umemharibu akili bibi huyu, na kwamba mharibifu mwenyewe ni yeye, kwa kalamu yake.

Dirishani mwanga ulikuwa umebaki kidogo, rangi ya kutu. Orpha aliinuka, akajifuta mikono kwenye aproni, akafungua mlango. Baridi ikaingia.

"Alvah!" aliita, si kwa kelele, ila kama mama yeyote anavyomwita mtoto aliye karibu. "Alvah Wheelock!"



Mbwa wa Zenas kule chini alikuwa akibweka. Akanyamaza.

Kisha harufu ikaja... Lyman aliitambua kabla hajataka kuitambua. Baruti. Matope ya moto. Misonobari iliyokatwakatwa na risasi mpaka ikavuja utomvu.

Na kutoka gizani, ng'ambo ya ukuta wa mawe, sauti kavu ya kijana ikasema:

"Nipo."

Nywele zilimsimama Lyman shingoni. Si kwa sababu sauti ilikuwa ngeni.

Alikuwa ameisikia kabla. Neno lilo hilo, kwa namna ile ile, na ukavu ule ule wa koo.

"Umesikia?" Orpha alinong'ona. Alikuwa anatabasamu. "Mwambie wewe, Lyman. Mwambie amesamehewa. Wewe ni sajini wake."

Lyman aliufunga mlango, akaegemea ubao wake.

"Mama Wheelock, kaa chini. Kuna kitu sijamwambia mtu."

Alikaa. Naye Lyman akamweleza, kidogo kidogo, macho yakiwa sakafuni.

Ilikuwa Juni, kule Virginia. Alfajiri waliamriwa wakimbie kwenye uwanja wa wazi kuelekea mahandaki ya adui. Ilichukua muda mfupi kuliko kumaliza sahani ile ya maharagwe. Waliobaki walirudi wakitambaa, wakachimba kwa vijiko na vikombe, wakalala kifudifudi siku nzima juani. Mbele yao uwanjani walilala wengine. Wengine walikuwa bado wanajongea.

Jioni, Lyman aliita majina. Taa haikuruhusiwa, kwa hiyo hakuona sura ya mtu. Aliita, mtu akaitika, akaweka alama. Aliita, mtu hakuitika, akaacha wazi.

"Nikaita Alvah Wheelock. Akaitika. 'Nipo.' Nilifurahi, mama. Ulikuwa umeniambia nimwangalie. Nikaweka alama, nikapita kwenye jina linalofuata."

"Halafu?"

"Usiku ule wabeba machela walitambaa kwenda uwanjani. Walitaka majina ya wasiorudi, wayanong'one huko, anayesikia ajibu. Niliwapa majina yote niliyoyaacha wazi." Lyman alijipangusa midomo. "Lake sikuwapa. Alikuwa amehesabiwa yupo. Asubuhi nikaita tena, hayupo. Mtu aliyekuwepo jioni, asubuhi hayupo, sheria ina neno moja tu la kumwandika. Nikaliandika."

Kuni zilitatarika jikoni. Orpha alikuwa hajapepesa jicho.

"Hujamaliza," alisema.

"Watu wangu walikuwa nyuma yangu, handakini. Sauti zao zilitoka nyuma." Lyman alivuta pumzi. "Yake ilitoka mbele."

"Mbele wapi?"

"Uwanjani. Nilijiambia ni mwangwi. Miaka kumi na minane najiambia ni mwangwi."

Bibi yule aliuliza swali ambalo Lyman alikuwa amelikimbia maisha yake yote.

"Alipoitika, alikuwa hai?"

"Sijui."

"Lyman."

"Haki ya Mungu sijui, mama. Huenda alikuwa ameshakufa na roho yake ikaitika, kwa sababu alikuwa mtoto mtiifu. Au..."

"Au alikuwa amelala pale anakusikia unaita. Akadhani unamtafuta."

Lyman alifunika uso.

"Kwa hiyo hakunikimbia mimi," Orpha alisema polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Hana haya. Hajifichi. Miaka yote hii namwita aje. Naye ananijibu nimfuate."

Aliinuka, akachukua shali msumarini na taa mezani.

"Mama, usitoke. Hujui ni nini kilicho huko."

"Wewe ulikuwa hujui pia," alisema bila ukali, "ndiyo maana hukwenda."

Akatoka.

Lyman alimfuata akichechemea. Nyasi za malishoni zilikuwa na umande wa baridi. Taa ya Orpha iliyumba mbele yake, ikapanda juu ya ukuta wa mawe, ikateremka upande wa pili.

"Alvah!"

"Nipo."

Sauti ilikuwa karibu. Ilitoka chini, usawa wa nyasi.

"Nakuja, mwanangu. Usisogee. Nakuja."

Lyman alipouvuka ukuta, alimkuta Orpha amekaa chini. Taa iliwaka pembeni yake. Shali alikuwa amelitandaza juu ya nyasi mbele yake, na mkono wake mmoja ulikuwa unapapasa kitu hewani, juu kidogo ya mapaja yake, kama mtu anayepapasa nywele. Hapakuwa na kitu. Lakini nyasi chini ya shali zilikuwa zimelala, urefu wa mtu.

"Ana kiu," Orpha alinong'ona. "Lete maji."

"Mama..."

"Lete maji, Lyman."

Kijito kilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Lyman alichota kwa kofia yake, akarudi, maji yakivuja vidoleni. Orpha aliipokea kofia, akaiinamisha polepole juu ya mapaja yake.

Maji yalimiminika.

Hayakulowesha aproni.

Na katika ukimya ule Lyman alisikia, wazi kabisa, koo likimeza. Mara moja. Mara mbili. Likapumzika kidogo... likameza tena, kwa pupa, kama koo la mtu aliyelala kutwa nzima juani bila tone.

Hapo alijua. Maiti haina kiu. Jioni ile alipoitika, Alvah alikuwa hai.

Lyman alipiga magoti kwenye umande, akalia kama hajawahi kulia vitani.

"Basi, basi," Orpha alikuwa akisema, wala hakuwa akimwambia yeye. "Umeshafikiwa. Lala sasa."

Walikaa pale mpaka taa ikaanza kufifia. Harufu ya baruti ilikwenda zake. Mbwa wa Zenas akaanza tena kubweka. Orpha alipoinuka, Lyman aliona aproni yake chini ya mwanga. Kuanzia kiunoni mpaka magotini ilikuwa imepakwa udongo mwekundu, mbichi. Milima ile haina udongo wa rangi hiyo. Wote wawili walijua ulikotoka: Virginia.

Tangu siku ile Orpha hakuita tena mlangoni. Sahani ya pili aliirudisha kabatini. Watu walidhani amepona. Lyman, aliyempelekea kuni majira yote ya baridi, ndiye aliyemwona jua likizama: akinyanyuka kwenye kiti, akikumbuka, akikaa tena.

"Nilikuwa na mtoro," alimwambia siku moja. "Mtoro huenda akarudi. Umenirudishia jina lake, nashukuru. Lakini jioni ni ndefu."

Kitabu kilichapwa mwaka uliofuata. Wenzake walimtaka aandike "aliuawa vitani" na aishie hapo, kwa heshima ya kikosi. Aliandika hivyo. Chini yake akaongeza mstari mmoja, akakataa katakata kuufuta: *Aliitika. Hatukwenda.* Jina likachongwa kwenye jiwe la kanisani.

Lakini orodha ya jioni ile ilikuwa na majina mengine manne yenye alama, ambayo asubuhi hayakuwa na watu. Mama zao walikuwa wameshakufa. Hakuna aliyebaki wa kuwaita.

Zenas Colby, ambaye siku hizi hafanyi utani na habari hizo, husema kwamba jioni za Juni Lyman hupanda peke yake hadi malishoni kwa bibi Wheelock, orodha mkononi na ndoo ya maji miguuni. Huita majina manne, taratibu, huku akiwa ameelekea kusini. Zenas alimsikia mara moja, akakimbia hadi nyumbani. Anasema watatu waliitika. Anasema wa nne hakusema kitu, ila ndoo ilisikika ikiburutwa kwenye nyasi.

Kama ni kweli au si kweli, mimi sikuwepo. Ila nakuomba ukumbuke jambo moja tu, ukifika kwenye ukurasa ule au kwenye lile jiwe. Alvah Wheelock hakukimbia. Aliitwa, akaitika, akangoja.