Nyumba ya Nyangate

“Kwani mume wako alikufa ama alisafiri?”

Swali hilo Marion, jirani wa chumba cha pili, alimwuliza Esnah siku moja wakianika nguo nyuma ya nyumba za kupanga, hapo Kisii mjini. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa ameona viatu vya kiume mlangoni kwa Esnah, vyeusi, vimepakwa rangi vikang'aa, na hakuwahi kumwona mwanamume wa kuvivaa.

“Alikufa,” Esnah akajibu. “Lori lilipinduka naye huko Masimba, Mokeira akiwa bado ananyonya.”

“Na viatu?”

“Ni vyake. Mzee ndiye anataka vikae hapo.”

Marion akabana kibanio mdomoni, akachukua nguo nyingine.

Mzee huyo ni Nyamweya, baba mkwe wa Esnah. Kila mwisho wa mwezi alishuka kutoka Nyamira kuja kuitazama nyumba ya mwanawe, Nyangate. Hakuingia ndani. Kwa Wakisii, ensoni, yaani ile heshima ya wakwe, hairuhusu baba kukanyaga ndani ya nyumba ya mwanawe. Alikalia kigoda nje, akatazama viatu, akauliza habari za nyumba, akanywa chai, akaenda. Nyangate alikuwa ameoa kwa ng'ombe, na ng'ombe hao hawakufa pamoja naye. Maadamu hawajarudi, Esnah alikuwa mke wake, na mtoto yeyote ambaye angezaa, kwa mwanamume yeyote, angekuwa mtoto wa Nyangate.

Na wangerudije? Onyancha, kaka yake Esnah huko Keumbu, aliwatoa ng'ombe haohao kuwa mahari ya mkewe Eucabeth, ambaye sasa alikuwa na watoto. Kuwarudisha ni kuibomoa nyumba ile. Kwa hivyo Esnah aliishi kama kuku aliyefungwa mguu: anadonoa, anatembea, lakini mwisho wa kamba anaujua. Alishona nguo katika baraza ya duka la Mhindi, aliimba kwaya siku ya Sabato, akamlea binti yake, akamshukuru Mungu kwa hayo.

Siku moja ya soko mvua ilinyesha, watu wakajazana barazani na vikapu vyao vya ndizi na kuku wao. Katikati yao akapita mwanamume mrefu, suti ya kijivu, tai imepinda, akitembea ubavu ubavu na mgongo wake ukitafuta ukuta.

“Mama, unashona haraka?”

“Nashona vizuri. Haraka iko kwa fundi wa pale ng'ambo.”

“Nimechanika. Waya wa lango umenishika.”

“Geuka nione.”

“Mbele ya soko zima?”

“Soko limeshaona, Daktari. Wewe tu ndiye hujaona.”

Alimjua kuwa daktari kwa kile kifaa cha kusikilizia moyo, kilichokuwa kikining'inia mfukoni kama kamba ya mbuzi. Watu wakacheka. Yeye mwenyewe akacheka kuliko wote, na hilo ndilo lililomfanya Esnah amtazame mara ya pili. Akampa leso na kumwonyesha pazia. Suruali ikarushwa juu ya pazia, cherehani ikaanza kulia. Baadaye Esnah alipochungulia, alimkuta amekalia furushi la nyuzi, leso ya maua kiunoni, akiandika kwa chaki juu ya karatasi ya kukatia nguo.

“Unaniandikia dawa?”

“Naandika mji ulio mwezini.”

“Kuna nini huko?”

“Hospitali. Huko watu ni wepesi, mgonjwa unamnyanyua kwa kidole.”

“Na mafundi wa nguo?”

“Hawajafika.”

“Basi wote wanatembea ubavu, kama wewe.”

Huyo ndiye Daktari Manasseh Ombati wa Sironga. Mchana alitibu watu, na akipata nafasi alitunga hadithi za miaka ambayo haijafika. Gazeti moja la Nairobi lilikuwa limeshampa tuzo, na wauguzi walinong'ona kwamba akili yake imezidi kichwa.

Tangu siku hiyo vifungo vya mashati ya daktari vikawa vinaanguka. Leo kimoja, kesho kutwa viwili.

“Huyo mtu anapukutika kama mkaratusi,” Marion akasema. “Mshone mara moja uvute uzi ukaze.”

Ikawa hata simu ya dukani inalia, na Mhindi anaita bila kuinua macho kwenye vitambaa vyake: “Esnah, hospitali tena.”

“Halo.”

“Mama, nina mgonjwa hapa.”

“Anaumwa wapi?”

“Kwenye kifungo cha tatu kutoka juu. Ndani kidogo.”

“Mpe aspirini.”

“Amekataa. Anasema atapona kwa chai, Sabato jua likizama.”

“Chai inaanzia kanisani. Mwambie aje na huko.”

Akaja. Alikaa benchi la nyuma, tai imenyooka, akaimba nyimbo asizozijua. Esnah alivaa gauni la manjano lenye kola nyeupe, alilolishona mwenyewe, na kitambaa cha kichwa kilichofungwa vizuri. Baadaye wakatembea njia ya nyuma ya kanisa, Mokeira akiwatangulia kuokota mbegu za mkaratusi. Hapo ndipo Esnah alipomweleza yote: viatu, kigoda, ng'ombe, Eucabeth.

Manasseh akacheka kwanza. “Huyo Nyangate ana bidii. Amelala na bado anazaa.” Kisha akauona uso wa Esnah. “Nisamehe, mpenzi.”

“Sitaki samahani. Niambie daktari anatibu nini hapo.”

Manasseh alimshika mkono, akautazama muda mrefu, kama anayesoma.

Miezi ikapita. Jumapili moja alasiri, Esnah akiwa kwenye cherehani na wanawake wakisubiri kupimwa, redio ya dukani ikatangaza kwamba hadithi ya Daktari Manasseh Ombati wa Kisii imekuwa ya kwanza katika mashindano makubwa, na sasa itasomwa. Esnah akasimamisha mguu, akainamisha uso ili watu wasione anavyotabasamu.

Ilikuwa hadithi ya miaka mia moja ijayo. Mtu amefariki, na ndugu zake wamemzika na nyaya zilizotoka kifuani mwake hadi nyumbani. Viatu vyake viko mlangoni, na mkewe akitoka huwaka taa nyekundu. Kila mtoto anayezaliwa, nyaya humwita kwa jina la aliye chini ya udongo. Daktari mmoja akampenda mwanamke huyo, akajaribu kuzikata nyaya, zikamshinda. Mwishowe akapanda chombo akaenda zake mwezini, na mwanamke akabaki mlangoni akivipangusa viatu.

Tabasamu la Esnah lilikufa kwenye viatu. Mtangazaji akasema waamuzi hawajapata kuona ubunifu uliokwenda mbali namna hiyo.

“Amebuni nini huyo?” mwanamke mmoja akasema. “Si hapo tu kwa Nyamweya.”

“Viatu ni vilevile.”

“Na daktari ni yuleyule.”

Wakageuka wote wakamtazama Esnah, na yeye akatazama sindano.

Wiki haikuisha kabla Nyamweya hajafika. Safari hii hakuketi. Alisimama nje, kofia kichwani, macho yake kwenye ukuta kama ilivyo heshima, na sauti yake haikupanda.

“Nyumba ya mwanangu imesomwa redioni. Mtoto atakaa na nyanya yake mpaka nijue nyumba hii ni ya nani.”

“Tata, baba yangu, nakuomba.”

“Sijakufukuza. Nimemchukua aliye wangu.”

Kwa sheria ya ng'ombe, alikuwa wake kweli. Esnah alimvalisha Mokeira sweta kwa mikono yake mwenyewe, akamfunga vifungo, akashindwa na cha mwisho.

Kesho yake simu ikalia.

“Esnah, umesikia? Wamenipa tuzo ya kwanza. Natafuta maneno ya kukuambia.”

“Nimesikia. Mzee pia amesikia. Mokeira amechukuliwa.”

“Nilibadilisha majina,” Manasseh akasema.

“Viatu hukubadilisha.”

“Nilitaka watu wasikie wenyewe. Wauone uzito wako.”

“Wameuona. Wewe umepigiwa makofi, mimi nimenyang'anywa mtoto. Niliyokuambia kule njiani niliyaambia masikio yako, sikuyaambia mkono wako wa kuandikia. Na huyo daktari wako, mbona alipanda chombo akaenda?”

“Mpenzi, ni hadithi tu.”

“Kwako ni hadithi. Mimi ndiye niliyebaki mlangoni.”

Akaiweka simu chini. Ilipolia tena alimwambia Mhindi aseme hayupo, naye akasema hivyo, Esnah akiwa amesimama hapohapo karibu naye. Vifungo vya daktari vikaacha kuanguka. Jioni Esnah alipika kwa mazoea wali wake na wa mtoto, ukabaki. Alipiga magoti, lakini maombi yake yalifika darini yakarudi. Wapi angekwenda? Kwa Onyancha, akamwangalie Eucabeth usoni? Kwa Nyamweya, akawe mke wa kaburi mbele ya macho ya mzee mwenyewe?

Asubuhi moja, soko bado halijajaa, Manasseh akatokea barazani. Hakuwa na tai. Mkono wa koti lake ulikuwa umefumuka begani na hakujali.

“Sikuja na shati,” akasema.

“Naona.”

“Nimekwenda Nyamira kwa mzee. Nimesimama kwenye lango lake asubuhi, nikarudi tena jioni, mpaka akatoka. Amekubali tukutane naye shule ya kanisa, darasani. Atakuja na Mokeira.”

“Utamwambia nini?”

“Kwamba nataka kukuoa.”

Esnah alikuwa akitunga uzi. Ukapita pembeni ya tundu, ukapita tena. “Unaposa kama mtu anayeagiza pini.”

“Basi niposeje?”

“Vua koti,” akasema. “Hatuwezi kwenda kwa mzee ukiwa umefumuka hivyo.”

Wakaenda kwa gari la Manasseh, kupitia mashamba ya chai yaliyokuwa yakitoa mvuke baada ya mvua. Njiani hakutania. Alisema mama yake huko Sironga amekuwa akimwuliza Angwenyi atakuja lini. Angwenyi alikuwa baba yake, amekufa mwaka uliotangulia, na Manasseh ndiye mwana wake wa pekee. Mtoto wake wa kwanza wa kiume ndiye angelirudisha jina lile nyumbani. Hakuna mwingine wa kulirudisha.

“Mbona waniambia leo?” Esnah akauliza.

“Sitaki uyasikie redioni.”

Darasani kulikuwa na harufu ya chaki na madawati yaliyoloa. Nyamweya alikuwa amekaa karibu na mlango, fimbo kati ya magoti, mkono wa Mokeira ndani ya mkono wake. Mtoto akataka kukimbia kwa mama yake, mkono haukumwachia. Esnah akaketi mbali, ubavu, macho chini. Mzee akatazama ubao.

“Daktari, wewe ni wa Sironga, si mgeni, sitakufundisha. Njia ni mbili. Ya kwanza, ng'ombe wangu warudi kutoka boma la Onyancha.”

“Nitaleta wengine mimi, mzee. Wazuri kuliko hao.”

“Sikuwapeleka kwako. Warudi kutoka walikokwenda. Mke wa Onyancha arudi kwao, Esnah akufuate, na mtoto huyu abaki.”

Esnah akamwona Eucabeth akilini, siku ya mazishi ya Nyangate, amebeba maji tangu alfajiri bila kuambiwa na mtu. Akatikisa kichwa, ingawa hakuna aliyemwuliza.

“Na ya pili?” Manasseh akasema.

“Mchungaji awafungishe ndoa, sina neno. Kanisa ni la Sabato, ng'ombe ni wa siku zote. Mtakaa pamoja, na Mokeira atakaa na mama yake. Lakini nyumba ni ya Nyangate. Mtoto utakayemzaa ataitwa wa Nyangate. Akiwa mwana, atarithi shamba la Nyangate. Akiwa binti, ng'ombe wake wataingia kwangu. Jina la kwenu halitakanyaga hapo.”

Aliyasema polepole, kama mtu afungaye lango akijua ng'ombe aliye ndani haruki na wa nje haingii. Habari za Angwenyi alikuwa nazo, Nyamira nzima ilikuwa nazo. Alikuwa amechagua mahali pa kufungia.

Esnah hakuthubutu kumtazama Manasseh. Moyoni aliomba akatae, awe huru, arudi kwa mama yake na jina lake. Papo hapo akaogopa Mungu asije akamsikia. Mokeira alikuwa akiichora sakafu kwa ncha ya kiatu. Nje watoto wa shule walikuwa wakikariri kitu kwa pamoja, wakikosea mahali palepale kila mara.

“Ya pili,” Manasseh akasema.

“Hukunielewa.”

“Nimekuelewa, mzee. Waitwe wa Nyangate.”

“Na mwana wa kwanza?”

Esnah akasikia pumzi ya Manasseh ikiingia na kukaa, kama ya mtu anayeguswa jeraha.

“Huyo pia,” akasema. “Mama nitamwambia mwenyewe.”

Haikuwa furaha iliyomjia Esnah. Kamba ilikuwa bado mguuni, urefu wake uleule. Ila sasa kulikuwa na mtu amekuja kukaa ndani ya kamba hiyo, kwa hiari, mkono wa koti umeshonwa kwa uzi wake, uso umemwiva kwa uchungu, na hatoki.

Nyamweya akangoja. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa habari za mahakama, kwa mlango kubamizwa. Midomo yake ikacheza. Alikuwa ametaka kumpokonya mtu mmoja tumaini ili nyumba ya mwanawe ikae kama alivyoiacha, viatu na vyote, na sasa nyumba hiyo ingejaa watoto wenye jina alilolitaka na sura asiyoijua. Akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi akamtazama mkaza mwanawe machoni, jambo ambalo heshima haikumruhusu, akamtazama mpaka macho yake mwenyewe yakajaa maji.

Kisha akaufungua mkono, Mokeira akautoa wake akakimbia kwa mama yake, na mzee akaishika fimbo, akainuka, akatoka.