Dhahabu Iliyochomewa Jikoni

Bujiku alichomea dhahabu jikoni, mlango umefungwa. Uwanja alikuwa nao, ila uwanjani kuna macho ya watu. Kila alipotoka machimboni alileta bonge la zebaki na dhahabu, akaliweka kwenye jiko la mkaa. Zebaki iliruka hewani, dhahabu ikabaki. Binti yake, Wema, alikaa palepale akiandika kazi za shule.

Mama yake, Paskazia, aliona mtoto akiharibika polepole. Kwanza Wema alidondosha vikombe. Kisha herufi alizozijua zikampotea. Mwalimu alisema ni mvivu. Shangazi alisema amerogwa. Paskazia yeye alimchapa, na jambo hilo linamuuma mpaka leo.

Siku moja alikuja Euphrasia, mhudumu wa afya wa kijiji. Alimwona Wema ameshika penseli, mkono unatetemeka. Akamtazama Bujiku. Naye kikombe cha uji kilimcheza mkononi.

"Baba Wema, zebaki mnachomea wapi?"

"Humu ndani. Nje kuna wezi."

Euphrasia alilitazama jiko. "Basi mwizi mmejifungia naye ndani."

Akawaeleza. "Mvuke wa zebaki hauonekani. Unaingia mapafuni, unafika kwenye ubongo. Ubongo una njia nyingi, kama njia za ng'ombe malishoni. Mtoto akirudia herufi, njia yake inakomaa. Kwa njia hizo anatambua anachokiona, anakumbuka, anauongoza mkono. Zebaki inaziharibu."

"Zitapona?" Paskazia aliuliza.

"Mkiacha leo, huenda baadhi zikapona. Nyingine sijui. Sikudanganyi, mayu, mama yangu. Mpelekeni hospitali, na baba naye apimwe."

Paskazia alilia. Afadhali ingekuwa kazi ya mchawi, angepata wa kumlaumu. Bujiku aliinamisha kichwa.

Walienda hospitali. Jiko lile halikupika tena chakula. Sasa Bujiku huchomea mbali na nyumba, kwenye chombo cha chuma kilichofunikwa, kinachonasa mvuke. Vikombe havidondoki sana kama zamani. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na mkono wa Wema bado unatetemeka.

Juzi Wema alichora W mchangani, akakwama.

"Mama, inayofuata ni ipi?"

Kwa miezi mingi hakuwa ameuliza herufi yoyote. Paskazia alimshika kidole, wakaichora E pamoja, tena na tena.

Kesho yake Wema alikuwa ameisahau. Paskazia akapiga magoti mchangani, akamshika kidole.