Tope la Mikoko Kidondani

Ndugu wasomaji, mchana ule nyumba ya mwosha vyombo wa maabara ilikuwa shwari. Mkewe alikuwa akipiga pasi sare ya shule. Binti yao alikuwa ameketi kibarazani, ameinua mguu aliochomwa na msumari juzi yake. Mara mume akaingia kifua mbele, mkononi chupa ya tope jeusi la mikoko. Mtaani walimwita Daktari, naye, kwa upumbavu wake, hakutambua kuwa anachekwa.

"Mama watoto, tupa vidonge vya zahanati! Kazini nimejionea. Bakteria wa tope hili walipandwa kwenye kisahani chenye vijidudu vya usaha. Kesho yake vijidudu vimekufa, pamebaki duara safi!"

"Baba watoto, wewe si unaviosha tu visahani hivyo?"

"Naosha, na macho ninayo!"

Mke alitamani kuivunja chupa ile. Lakini alikuwa amezoea kunyamaza, basi akamshika mtoto mguu ili apakwe. Tazameni majivuno! Mtu asiyejua hata kusoma lebo ya kisahani amejifanya tabibu.

Siku ya tatu mguu ulivimba na kunuka.

"Mama, vidole sivisikii."

Mama hakuomba ruhusa tena. Alimbeba mwanawe mgongoni mpaka hospitali, mume akimfuata nyuma: "Ngoja kwanza, dawa ndiyo inaanza kufanya kazi!"

Madaktari waliokoa uhai wake. Mguu waliukata chini ya goti.

Mtafiti mkuu wa maabara ile alipofika wodini, alisikiliza kisa chote, kisha akasema, "Ndugu yangu, tope lile lina mamia ya aina za bakteria. Tumetumia miezi minane kuwatenga. Aina moja tu ndiyo iliyoua vijidudu, nayo bado hatujui kama ni salama kwa mtu. Wewe umempaka mtoto tope zima."

"Lakini duara nililiona," akajibu baradhuli yule.

Mkewe akafunua shuka. "Haya, Daktari. Tuonyeshe duara hapa."



FUNZO

Kuupitia mlango wa wasomi kila asubuhi si kusoma. Dawa iliyo ndani ya tope hailigeuzi tope kuwa dawa. Kati ya hivyo viwili pana kazi ndefu ya wenye subira. Na wewe unayemwona mjinga akimtibu mwanao, usiuite woga wako utii.