Mlango Usio na Nyumba

Usiniamini. Nakuomba kabisa, maana wanaoniamini wananichosha kwa maswali. Wewe kunja nne, cheka, sema huyu dereva wa bajaji kavuta nini leo, halafu ukifika mwisho uendelee kucheka kama unaweza. Mimi naitwa Eustace. Eustace wa Bonga, barabara ya Dodoma, bajaji nyekundu yenye maandishi ya dhahabu nyuma, mjini hapa Babati hakuna asiyeijua. Shule niliiacha kidato cha pili, na shule nayo haijanitafuta mpaka leo. Hilo jina likumbuke. Nitakuuliza.

Msomi wa nyumbani ni mdogo wangu Jenifa. Anasomea sanaa na ubunifu huko Dar es Salaam, na likizo hii alikuja na kazi ya chuo: atafute maonyesho ya sanaa ya kisasa popote, ayatazame, kisha aeleze yamemfanya nini. Si yalikuwaje. Yamemfanya nini. Nilimcheka mpaka mama akanikemea. Nikamwambia ugali nao unanifanya kitu kila siku na hakuna aliyewahi kunipa cheti.

Bahati yake, kuna wasanii vijana walikuwa wamekodi ghala la zamani la mahindi nyuma ya soko na kuweka vitu vyao. Nikampeleka mwenyewe. Tulikuta kochi la matairi ya bodaboda. Tukakuta gauni lililoshonwa kwa vocha za simu zilizokwanguliwa, na taa kubwa ya chupa za maji zilizookotwa kando ya ziwa. Jenifa alizunguka ananong'ona peke yake. Gauni lilimtia aibu, akasema, kama vile kasimama dirishani kwa watu anasikiliza mazungumzo yao. Kochi alilikalia akakataa kuinuka.

Halafu ukaja mlango.

Ulisimama katikati ya ghala, hauna ukuta kulia wala kushoto. Mlango na fremu yake tu, mbao nzito za mninga, rangi ya bluu imebanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Pembeni kibao kidogo: umetoka kwenye nyumba iliyobomolewa kupisha barabara. Bisha hodi.

"Mlango hauna nyumba," nikamwambia. "Sasa mwizi anaingia wapi?"

"Kaka, sanaa inakuuliza swali."

"Huu unaniuliza ufunguo uko wapi."

Hakucheka. Aliuzunguka, akarudi pale pale. "Unanifanya nijione niko nje," akasema taratibu. "Upande wowote nikisimama, bado niko nje."

Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, wenye maonyesho wameenda kula. Mimi nilikuwa nimeshajitupa kwenye kochi la matairi. Ndipo nikasikia mtu anabisha, kisha sauti ya mtu mzima, ya upole, kavu kidogo kama koo halijapata maji siku nyingi, ikisema hodi. Ilitoka upande wa pili wa mlango. Jenifa akadhani ni msanii anacheza na watazamaji. Akajibu kama mama alivyotulea, kama ambavyo hata wewe ungejibu.

"Karibu. Karibu ndani."

Kitasa kikashuka. Mlango ukafunguka polepole. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Nilikwenda kuangalia, mimi siogopi. Sakafuni palikuwa na vumbi jeupe, na juu ya vumbi alama za nyayo mbili, zimesimama pamoja, vidole vinatuelekea sisi. Hakuna alama ya kuja. Nikasema ni upepo. Lile gauni la vocha, ambalo ukipumua tu linacheza, lilikuwa limetulia tuli.

Kesho yake mchana mama alipakua chakula sahani tatu. Nyumbani tuko watatu, hesabu ni sawa, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Moja aliweka mbele yake, moja mbele yangu, na ya tatu mbele ya kiti cha dirishani, ambacho kilikuwa kitupu. Jenifa alikuwa amesimama mlangoni, katoka kunawa, mikono inadondosha maji.

"Mama, na mimi?"

Mama akamtazama kama mtu anayetafuta jina kichwani. "Jamani mwanangu. Nimepitiwa."

Tulimtania siku nzima. Lakini siku iliyofuata akapitiwa tena. Nyumba nayo ikaanza kunuka kitu ambacho hatukukipata uvunguni wala darini: vumbi, chokaa mbichi na mavi ya popo, harufu ya nyumba iliyofungwa miaka. Mto wa kile kiti cha dirishani ukawa na shimo katikati. Jenifa akiupiga ujae, ukigeuka nyuma umebonyea tena, na ukiugusa una baridi. Mama Zawadi, jirani yetu, akipita anasalimia, "Hamjambo, Mama Eustace, na wewe Eustace, na mgeni wenu," na Jenifa amekaa kati yetu anachambua mchele, mkono wake umegusana na wangu.

"Mgeni gani?" nikamuuliza.

"Si huyo hapo dirishani," akajibu, akaendelea na safari yake.

Jenifa alinishika kiwiko. "Kaka," akanong'ona, "jana muuza mkaa kamwaga gunia miguuni kwangu. Hakuniona. Nilisema samahani, akaangalia huku na huku. Nakuwa nje, kaka. Kama pale mlangoni."

Nikamwambia aache mambo ya chuo.

Kisha ikaja siku ile alipotumwa sokoni. Mimi na mama tulikuwa sebuleni mchana mweupe, redio inaimba kwa chini. Jenifa akafika kizingitini na mfuko wa nyanya, akashindwa kuingia. Aliniambia baadaye kwamba mguu ulikataa, kwamba alijiona kama mtu asiyejuana na wenye nyumba. Akajikuta anabisha kwao.

"Hodi."

Mama akainua uso, akatabasamu, lile tabasamu lake la watu wa kupita. "Karibu, binti. Unamtafuta nani?"

Nyanya zikamwagika. Jenifa hakulia, alisimama tu akimtazama aliyemzaa, na kwenye kiti cha dirishani mto ulibonyea zaidi, taratibu, kama mtu anayejiegemeza vizuri baada ya kushiba.

Nilimbeba mdogo wangu kwenye bajaji mpaka kwa Mzee Hamdani. Huyu anauza misumari na bawaba mjini, na kwa waliokwama anasoma dua. Sisi ni watu wa kanisani, lakini siku hiyo sikuuliza dini ya mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaeni. Na huyu binti mbona anafifia?"

Alimwona. Nusura nimbusu. Tukamweleza kila kitu, naye akaufunga mlango wa duka nusu.

"Ile nyumba naijua," akasema kwa sauti ya chini. "Ilikuwa mbele ya Bonga, barabara hii hii. Ilikaa bila watu muda mrefu, akahamia asiye mtu. Wakaja kung'oa mlango, wakabomoa, hakuna aliyemwambia neno. Basi akaufuata mlango wake. Akakaa nyuma yake anangoja wa kumwambia karibu. Wewe mwanangu ukamwambia."

"Mfukuze, mzee," nikasema.

"Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi. Nikisoma, atanijibu ameitwa, na atakuwa mkweli. Anashika nafasi ya aliyemwita, kidogo kidogo, mpaka iwe yake. Wa kumuaga ni huyu binti. Halafu mtu wa nyumbani kwenu amsindikize mpaka kwake." Akanigeukia, akanikazia macho. "Njiani akisema, usijibu. Hata salamu. Umfikishe, ugeuke, uje zako."

Mimi huyo. Nani mwingine?

Jioni jua likiwa bado linaupiga mlima Kwaraa, Jenifa alisimama mbele ya kile kiti, mama kampita mara mbili bila kumtazama, akasema, "Asante kwa kututembelea. Kaka atakusindikiza." Mto ukainuka. Bajaji yangu, niliyoiegesha nje na ilikuwa tupu, ikabonyea nyuma mpaka springi zikalia.

Nikawasha, nikashika barabara, na ndugu yangu, abiria nimebeba wengi, nimebeba walevi, nimebeba mbuzi wanne na mwenyewe, lakini uzito ule haukuwa wa mwili, ulikuwa kama kubeba chumba, chumba kizima na giza lake na popo zake, na kila nilipoangalia kioo niliona kiti kitupu na vumbi jeupe linaanguka taratibu juu yake kutoka mahali pasipo na dari, na nyuma ya shingo yangu mtu akawa anapumua kwa utulivu, hana haraka, kama mzee anayerudishwa kwake baada ya harusi, na mimi nikauma ulimi nisiseme, nikapita nyumba ya mwisho, nikapita mashamba ya mahindi, mpaka nikaona kandokando ya lami ngazi tatu za saruji zinazopanda kwenda hewani.

Nikasimama. Bajaji ikanyanyuka, nyepesi. Nikageuza.

Nyumbani nilimkuta mama barazani anafoka, "Jenifa, nyanya zote hizi nani kazimwaga?" na Jenifa anacheka huku machozi yanamtoka. Sahani ziliwekwa tatu. Alikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Amesharudi chuoni, na huko kawaeleza walimu yale maonyesho yalimfanya nini, wakamsifu kwa kufikiri kwa kina. Mimi ndiye niliyemtoa. Mtu wa kidato cha pili. Nenda kaulize Babati nzima.

Au usiulize.

Kuna kipande nimekiruka. Pale kwenye ngazi, bajaji iliponyanyuka, kabla sijageuza, sauti ile kavu ilisema kitu, ikitokea juu ya zile ngazi, kwa upole wa mwenye nyumba kabisa. Ilisema, "Karibu." Na mimi nilikuwa nimeuma ulimi njia nzima, lakini nimelelewa na Mama Eustace. Mdomo ulijibu kabla yangu.

"Asante. Nimeshakaribia."

Mwanzoni abiria walianza kuipita bajaji yangu na kupanda ya nyuma. Nikasema ni wivu wa biashara. Leo asubuhi nimempigia mama kumwambia nitachelewa kula. Alipokea vizuri, akasikiliza vizuri, halafu akaniuliza, "Samahani, naongea na nani mwenzangu?"

Sasa wewe. Nilikwambia lile jina ulikumbuke. Usirudi juu kuangalia. Mimi naitwa nani?