Kuishindisha Saratani Njaa

Cherehani ya Fundi ilijulikana mtaa mzima kwa mlio wake. Watu walisema kuku walilala iliponyamaza, wakaamka ilipoanza, na hakuna kuku aliyewahi kukanusha.

Fundi alikuwa na saratani ya utumbo. Hospitali walikuwa wakimpa dawa kali kwa dripu. Nyumbani, mkewe ndiye aliyepika, na dada yake Fundi ndiye aliyeamua kipikwe nini.

Wifi huyo aliishi nyumba ya pili. Betri za redio zikiisha, majirani walikwenda kumsikiliza yeye. Alikuwa amesikia kwamba saratani hula sukari. Baadaye akasikia inapenda nyama. Halafu mayai, maziwa na wali. Kwa maelezo yake, saratani ililamba sahani kuliko wageni wa harusi.

"Tuishindishe njaa, wifi," alisema. "Itafunga virago yenyewe."

Mke wa Fundi alisita. Lakini akimkatalia wifi yake, halafu mgonjwa azidiwe, nani angelaumiwa? Basi asubuhi Fundi alipewa supu ya majani. Mchana, juisi ya majani. Usiku yalirudi majani yaleyale, sasa yakiwa yamechoka.

Fundi alikunywa bila kulalamika. Kila mara mkewe alipomkagua, suruali ilikuwa imemkaa sawasawa kiunoni, na shati halikupwaya mabegani. Mama wa watu akapata moyo. Akachuma majani zaidi.

Siku ya dawa ilipofika, nesi alimpandisha Fundi kwenye mizani. Akamshusha, akampandisha tena, kisha akaitazama mizani kwa jicho baya. Daktari alisoma majibu ya damu, akasema dawa haitatolewa siku hiyo. Mwili ulikuwa umedhoofu mno. Lazima kwanza upate nguvu.

"Lakini hajakonda, daktari," mke alisema. "Tazama nguo zake zinavyomkaa."

Fundi aliinamisha kichwa. Akageuza kiuno cha suruali kwa ndani. Kulikuwa na mshono mpya, na chini yake mwingine, na mwingine.

"Nilizipunguza kila ulipokwenda sokoni," alisema.

"Kwa nini, baba?"

"Ulikuwa unahangaika na yale majani. Sikutaka ukate tamaa."

Mkewe hakujua acheke au alie. Alimpiga kofi dogo begani, na mkono wake ukakutana na mfupa.

Walipelekwa kwa mtaalamu wa lishe, dada mmoja mpole. Mke alimweleza kila kitu, hata juisi. Yule dada hakumcheka.

"Mama, mtu akiacha kula, mwili unaanza kula misuli yake wenyewe," alisema. "Saratani haifi njaa. Anayekonda ni baba."

"Kwa hiyo akila vizuri atapona?"

"Hakuna chakula kinachoponya saratani. Hiyo ni kazi ya matibabu. Chakula kinampa baba nguvu ya kuyavumilia."

Akaeleza taratibu. Fundi ale kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Apate mayai, samaki, maharage, maziwa au karanga, pamoja na wali au viazi, mboga na matunda. Vyakula kama nyama, samaki na mayai viive kabisa, matunda yaoshwe, na mikono pia. Sukari kidogo kwenye uji haina neno, ila asijaze tumbo kwa soda. Harufu ikimchefua, chakula kipoe kwanza. Na unga wowote wa mizizi au majani, daktari aambiwe kabla haujamezwa, maana mwingine unagombana na dawa. Wagonjwa hawafanani, alisema; mwenye kisukari au shida ya kumeza atapewa ushauri wake.

Waliporudi, wifi alikuwa mlangoni na furushi la majani.

"Wifi, tulitaka kuifungisha saratani," mke alimwambia kwa upole. "Aliyefunga ni kaka yako."

Akamwonyesha mishono ile, akamweleza aliyosema mtaalamu wa lishe. Wifi akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu, mpaka jirani akachungulia kuona kama kuna msiba. Hatimaye akaweka majani chini, akanawa mikono, akauliza karanga za uji zisagwe laini au vipi.

Haikuwa rahisi. Siku nyingine Fundi alikula vijiko viwili, akasukuma bakuli. Mkewe hakumgombeza. Alisubiri kidogo, akalirudisha. Polepole uzito ulipanda, na nguvu zikarudi. Fundi akafumua mishono mmoja mmoja, safari hii mchana kweupe, huku mkewe akimshikia taa asiyoihitaji.

Waliporudi hospitali, wifi naye akiwa amebeba mayai ya kuchemsha, nesi alimpima Fundi, akatabasamu. Daktari akasoma majibu ya damu, akasema, "Leo tunaendelea."

Dripu ikaanza kudondoka. Mke wa Fundi akashusha pumzi ambayo, ukiniuliza, ilitikisa mapazia. Fundi akafungua jicho moja, akauliza kama mayai yamefika salama au dada yake ameyaonja njiani.

"Yamebaki mawili," wifi alisema, akianza kumenya. "Moja lako, moja langu. Hata mimi nimepungua."

Mkewe Fundi alimtazama wifi yake, aliyekijaza kiti kizima, akacheka hadi nesi akaja kuangalia kuna nini.